Tata Wakonyo Alisema "Niliwekesha"

Siku video yangu ilipochezwa kortini, watu walicheka hadi karani akafunika mdomo.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimesimama kwenye kizimba cha mashahidi, na hatua chache kutoka kwangu shangazi yangu alikuwa ameketi akingoja kujua kama atarudi nyumbani au ataenda jela.

Wacha nianze mwanzo. Mtaniita mjinga tu, lakini mniite mkijua yote.

Naitwa Waweru. Nafundisha Kiingereza katika kachuo fulani Ruiru, orofa ya tatu, juu ya duka la viatu. Wanafunzi wangu ni watu wazima. Manesi, mafundi, madereva wa malori, wote wanataka kupita ule mtihani wa Kiingereza ndio waende majuu.

Kila mwalimu ana somo lake la kujigamba. Langu lilikuwa causative verbs, vile vitenzi vya kufanyisha.

Kiswahili hakina shida hapo. Unachomeka kasilabi kamoja na kazi imekwisha. Kushona, kushonesha. Kuweka, kuwekesha. Mtu akisema "nimeshonesha suti", hata mtoto anajua kuna fundi mahali aliyeinamia cherehani.

Lakini Mkenya akiingia Kiingereza, hiyo silabi anaiacha nyuma. "I cut my hair yesterday." Ulijikata mwenyewe? "I removed my tooth." Na koleo?

Darasa lilikuwa linacheka sana hapo. Halafu nawapeleka kwa mtego wenyewe. "I had cut my hair" na "I had my hair cut". Maneno ni yale yale, mpangilio tu umebadilika. Kwa ya kwanza, wewe ndiye uliyeshika mkasi. Kwa ya pili, ni kinyozi.

Chuo kilinirekodi nikifundisha hiyo na kuiweka TikTok. Na mimi na mdomo wangu nikaangalia kamera nikasema, "Hii mniamshe hata usingizini, siwezi kukosea."

Watu elfu tisini waliitazama. Mtaani wakaanza kuniita Mwalimu Had. Nilipenda hilo jina, sitawadanganya.

Sasa Tata Wakonyo. Tata ni shangazi kwa Kikuyu, na huyu ni dada wa marehemu baba yangu. Alinichukua nikiwa darasa la tano, akanisomesha kwa kufagia nyumba za watu. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa caretaker wa ploti moja Kiganjo, Thika, nyumba kumi na nne. Kufungua maji ni yeye, kufagia ngazi ni yeye, kuamua vita vya kamba ya kuanika nguo ni yeye.

Mwenye ploti ni Mzee Kahiga. Anaishi Theta na ng'ombe wake, na mambo yote anayamaliza kwa simu.

Tata ana mtoto mmoja tu, Kui. Ana miaka ishirini na saba, alisomea umeme, na alikuwa mwanafunzi wangu hapo Ruiru. Kampuni moja ya majuu ilikuwa imeshakubali kumchukua. Alibakisha mtihani wa Kiingereza peke yake. Tata alikuwa akimtaja kanisani kila Jumapili, hadi pasta akamwambia Mungu ameshasikia.

Namba saba aliishi mwanadada mmoja anaitwa Nafuna, mtu wa Bungoma. Alifanya kazi kiwanda cha juisi, zamu ya asubuhi, na kila siku alilalamika juu ya maji baridi. Mwishowe akasema atahama.

Mwezi wa tatu namba saba ikawekwa shawa ya stima, zile za kuchemsha maji papo hapo.

Mwezi wa tano, Jumatatu asubuhi, Nafuna aliingia kuoga na hakutoka akiwa hai. Stima ilimpiga.

Tata alinipigia simu saa nne. Sauti yake sikuitambua.

"Waweru, kuja. Nafuna ametuacha. Polisi wanataka niandike statement na mkono wangu hauandiki."

Nilitoka Ruiru mbio. Nilikuwa na darasa saa sita, na njia nzima nilikuwa nikiangalia saa. Hilo linaniuma mpaka leo, kwamba niliangalia saa.

Pale kituoni ofisa alikuwa mtu mzuri. Alitupatia karatasi akasema, "Mama, andika na lugha yenye uko comfortable. Kiswahili ni sawa, hata Kikuyu tutatafuta mtu wa kutafsiri."

Tata akasema Kiswahili.

Mimi nikaingilia. "Zii, Tata. Wacha niandike Kizungu ndio wachukulie hii maneno serious."

Hakuna aliyenituma. Nilitaka tu yule ofisa aone kwamba mama huyu ana mtu amesoma.

Tata akaanza kusema, mimi naandika. "Mzee Kahiga alinipigia akasema namba saba iwekwe shawa. Nikawekesha, mwezi wa tatu."

"Fundi alikuwa nani?"

Aliangalia ile karatasi. "Fundi tu. Wewe andika nikawekesha."

Nikaandika. Ilikuwa saa tano na dakika arobaini.

Ofisa akamuuliza kama amesomewa na ameelewa. Tata akanigeukia mimi. "Ni sawa, Mwalimu?"

"Iko sawa kabisa, Tata."

Akaweka sahihi yake, ile ya herufi kubwa kubwa za ngumbaru, masomo ya watu wazima. Saa sita na robo nilikuwa mbele ya ubao wangu Ruiru.

Wiki tatu baadaye Tata alishtakiwa kwa kusababisha kifo kwa uzembe.

Tulichanganyikiwa. Caretaker anashtakiwaje na mwenye nyumba yuko Theta anakamua ng'ombe?

Wakili wetu alikuwa Navneet, dada wa hapa hapa Thika, anaongea Kikuyu kunishinda. Alimjua Tata tangu akiwa mtoto, kwa hivyo kesi aliichukua bila maneno mengi. Tulienda ofisini kwake mimi, Tata na Kui.

Navneet akatoa nakala ya statement. "Waweru, hii ni nani aliandika?"

"Mimi."

"Soma line ya nne. Kwa sauti."

Nikasoma. "I had installed the shower in March."

Nikasoma tena kimoyomoyo. Masikio yakaanza kuwaka.

"Ulitaka kusema nini?"

"I had the shower installed."

"Lakini si hivyo uliandika," akasema Navneet, pole pole, kama mtu anayemwambia mgonjwa. "Vile uliandika, Mama Kui anasema aliweka na mkono yake mwenyewe. Na hiyo ndiyo kesi yote wako nayo."

Nilijishika kichwa. Mimi. Mwalimu Had. Neno lililostahili kwenda mwisho nililiweka katikati, kwa sababu ya darasa la saa sita.

Tata akauliza, "Kwani imeandikwa nini?"

Navneet akamweleza kwa Kikuyu, neno kwa neno. Tata alisikiliza hadi mwisho, halafu akaniangalia kwa muda mrefu bila hasira yoyote. Nilidhani ni huruma. Nilitaka anitukane.

"Hii tunaweza kurekebisha," Navneet akaendelea. "Waweru atasimama aseme alikosea kutafsiri. But they will ask, kama si wewe uliweka, ni nani? Mama, fundi ni nani?"

"Nimesahau."

"Ni juzi tu, Mama. Mwezi wa tatu."

"Nimezeeka, Navneet."

"Bila fundi, tuko na neno moja tu la kupigania."

Tata akaangalia dirisha. Hatukumtoa kitu kingine siku hiyo.

Nilimuuliza Kui tukishuka ngazi. Akasema, "Mimi sijui, bro. Mathe ndiye anajua mafundi wake." Kui alikuwa ameacha kuja darasani. Nilimwambia ajikaze, mtihani uko karibu, mama yake atafurahi. Akatangulia kushuka.

Kesi ikaanza. Mzee Kahiga alikuja na koti zuri na Biblia kwapani. Akasema, "Mimi sikuambia mtu aweke shawa. Nilisema tu waangalie maneno ya maji." Simu haikurekodiwa, kwa hivyo ilikuwa neno la mwenye ploti na neno la mfagiaji. Mnajua lililopokelewa.

Mama yake Nafuna alikuja kila siku ya kesi kutoka Bungoma. Alikaa nyuma yetu. Hakuwahi kusema lolote, alikuwa tu akipanguza macho na leso.

Navneet aliomba ile statement isitumike. Hakimu akaamua itumike. Tukabaki na mimi.

Nikapanda kizimbani, nikaapa, nikaeleza. Nikasema shangazi yangu alisema "niliwekesha", mimi nikakosea kupanga maneno. Nilieleza vizuri sana. Nilikuwa karibu kuomba ubao.

Kiongozi wa mashtaka alikuwa kijana mpole. Akainuka na simu mkononi.

"Mwalimu, umefundisha Kiingereza miaka mingapi?"

"Kumi na moja."

"Na hii sentensi ya 'had', ni kitu unafundisha?"

"Ndiyo."

"Mheshimiwa, naomba korti itazame hii."

Akabonyeza. Sauti yangu ikajaa chumba kizima. Mkasi, kinyozi, koleo. Watu wakacheka. Halafu ikafika pale. "Hii mniamshe hata usingizini, siwezi kukosea."

Wakacheka zaidi.

"Kwa hivyo, Mwalimu," akasema taratibu, "mtu elfu tisini wamekuona ukisema huwezi kukosea. Ni siku gani hiyo moja ulikosea? Ile ya shangazi yako?"

Nilijaribu kusema juu ya haraka, juu ya saa. Nilijiona mimi mwenyewe naongea uongo, na nilikuwa nasema ukweli mtupu.

Hapo ndipo Tata aliposimama.

"Mheshimiwa, mwache huyo mtoto."

Kicheko kikafa.

"Mama, keti," hakimu akasema. "Una wakili."

"Sitaki wakili anisemee hii. Mwalimu aliandika sawa. Anasema alikosea kwa sababu ananipenda. Hiyo shawa niliweka mimi."

Navneet alikuwa nusu ameinuka. Alimwita jina mara mbili. Tata hakugeuka.

Hakimu akavua miwani. Alikuwa mama wa makamo, na nadhani alitaka kumsaidia. "Mama, sikiliza. Kuna kuweka na kuna kuwekesha. Unajua tofauti?"

"Najua, Mheshimiwa."

"Wewe ulifanya gani?"

"Niliweka."

Niligeuka kumtafuta Kui, nimwone kama anaelewa mama yake ameingiliwa na nini.

Kui alikuwa ameinamisha kichwa, na mikono ameivuta ndani ya mikono ya sweta, yote miwili, hakuna hata kidole kilichoonekana. Ile mikono ndiyo iliyoniwekea stima kwangu Ruiru, taa zote, soketi zote. Nikaelewa.

Korti ilipopumzika tulikutana kwenye korido, nje ya choo. Kui aliniona akaanza mwenyewe.

"Nilimwambia mathe hiyo ploti haina waya ya earth, ile ya kupeleka stima ardhini. Nikamwambia hii itaua mtu. Akampigia Kahiga. Akaweka speaker, mimi nikisikia. Kahiga akasema, 'Mwambie aweke tu. Akikataa nitatafuta mtu mwingine, na caretaker mwingine pia.'"

"Kisha?"

"Nikaweka, bro. Nikaweka."

"Mbona hukusema?"

"Mathe alikataa. Alisema, 'Mimi yangu nimeshaishi. Wewe bado.'" Akajipangusa na sweta. "Mwanzoni hakuwa anajua atasema nini wakimuuliza fundi. Usiku alikuwa hapati usingizi. Halafu siku ile Navneet alimwelezea hiyo sentensi yako, tukifika nyumbani akacheka. Mara ya kwanza tangu Nafuna afe. Akasema, 'Ona Mungu. Waweru amekuficha na hajui.'"

Sijawahi kuumizwa na sifa namna hiyo.

Nilienda kwa Navneet nikamwambia kila kitu. Nikamwambia narudi ndani nikaseme. Alizungusha kalamu.

"Ukisema, Kui anaingia," akasema mwishowe. "Na Mama Kui hatoki, kwa sababu sasa amedanganya korti. Kahiga atasema hajui mtu. Unataka wawili?"

Sikurudi ndani. Mniite vile mnataka.

Tata alipewa miaka mitatu. Aliinama kwa hakimu akasema asante, kwa kile Kiswahili chake cha kanisa, na askari wa kike akamshika mkono.

Nilipotoka nje mama yake Nafuna alinisimamisha. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia sauti yake.

"Mwalimu, wewe ni mtu umesoma. Mimi sikufahamu hiyo maneno ya Kizungu. Nilitaka tu kujua ni nani aliweka hiyo kitu."

Kui alikuwa amesimama kando yangu.

"Ni huyo mama amefungwa," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, akasema asante, akaenda kutafuta gari la Bungoma. Huyo mama alikuja safari zote hizo kuuliza swali moja, na mimi nikampa jibu la uongo kwa Kiswahili safi.

Mzee Kahiga aliajiri caretaker mwingine wiki iliyofuata.

Kui alifanya mtihani. Nilimsindikiza mimi mwenyewe hadi mlangoni. Kusikiliza alipita, kusoma alipita, kuandika alipita. Ikafika kuongea. Yule mzungu wa mtihani akamwambia aeleze juu ya mtu aliyewahi kumsaidia sana maishani. Kui alikaa dakika mbili bila neno, kisha akalia, kisha akainuka akatoka.

Kampuni ikachukua mtu mwingine. Siku hizi anauza nguo za watoto za mitumba hapo Ruiru, na balbu ikiungua kwake anaita jirani.

Tata hajui.

Mara ya kwanza nilipomtembelea jela, swali lake la kwanza lilikuwa, "Kui amepita?" Nilimwona vile amekonda, na jinsi alivyoning'inia kwa ile waya ya kutenganisha wageni na wafungwa, nikasema amepita. Mara ya pili nikasema amepata visa. Mara ya tatu nikasema ameenda.

Alipiga makofi hadi askari akamwambia apunguze.

"Huko kuna baridi?"

"Iko, Tata. Nyingi."

"Na anakula?"

"Anakula vizuri."

Mwezi uliopita alinipa soksi za sufu. Wamewafundisha kufuma huko ndani. Askari alizikagua akaniruhusu kutoka nazo. "Mtumie," Tata akasema. "Na umwambie asinitumie kitu, mimi niko sawa."

Kui alikuwa getini, amekaa juu ya jiwe, kwenye jua. Kila mwezi tunakuja naye. Hawezi kuingia kumwona mama yake, kwa sababu yuko majuu.

Nilimpa zile soksi. Akavua viatu akazivaa hapo hapo, joto lote lile, na watu wakipita wakimshangaa.

"Amesemaje?"

"Anauliza kama unakula."

Tulingoja gari.

Najua mnataka somo, maana bila somo mtasema nimewapotezea bando. Ni hili. Mtu akikuomba umwandikie maneno yake, yaandike kwa lugha aliyoyasema, hata kama wewe unajua nyingine nzuri zaidi. Na ukisikia mtu fulani ndiye aliyefanya, uliza pia ni nani aliyemfanyisha, maana sheria ikifika kwa mkono uliogusa waya huwa imechoka, haipandi tena hadi Theta.

Hilo ndilo somo. Mimi mwenyewe halijanisaidia. Imebaki miaka miwili na miezi minne, na Jumamosi ijayo lazima nifikirie kitu cha kumwambia Tata juu ya kazi mpya ya Kui.